Vishikwambi vipya vya shule vikija, viwe na kamera? Garissa tulibishana hadi chai ikapoa

Aliyeanzisha ni mdogo wangu, wala si mimi. Jumamosi usiku baada ya Isha tulikuwa uani hapa Bulla Iftin, mkeka chini, stima imepotea, kila mtu na mwanga wa simu yake usoni. Dogo yuko Gredi ya 5. Amesikia shuleni kwamba eti vishikwambi vipya vinakuja, na swali lake likawa moja tu: vitakuwa na kamera? Hakuuliza kama vitakuwa na vitabu. Hakuuliza vitachajiwa wapi. Kamera tu.

Habaryar, yaani mama yangu mdogo, akaweka kikombe chini. "Kamera ya kumpiga nani?"

Abti, mjomba wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Balambala na huja mjini wikendi. Akacheka. "Abti," akaniambia, maana kwetu Wasomali mjomba na mpwa huitana jina lilo hilo moja, "kishikwambi bila kamera ni ubao wa bei ghali."

Basi hapo ndipo usiku ulipoharibika.

Tuwekane sawa kwanza: hicho kifaa kipya hakuna aliyekiona. Kiko midomoni tu. Lakini kubishana mapema kuna faida yake, kwa sababu vile vya kwanza hatukuulizwa. Unakumbuka 2013, Jubilee ilipoahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza? Kufikia 2016 laptopu zilikuwa zimegeuka vishikwambi, vikiunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT pamoja na washirika wao wa ng'ambo, na mwishowe vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Vya shule ya abti viko kabatini, chini ya kufuli mbili. Mwenye funguo alihamishwa.

Na ubishi wenyewe si mpya hata kidogo. iPad ya kwanza ilipotoka Aprili 2010 haikuwa na kamera hata moja, wakati ambapo simu za kawaida tu zilikuwa nayo. Watu wakakaa karibu mwaka mzima wakibashiri kama ijayo itawekewa. Machi 2011 iPad 2 ikaja na mbili, ya mbele na ya nyuma. India nao walitengeneza Aakash, kishikwambi cha bei ya chini cha wanafunzi. Toleo la 2011 halikuwa na kamera, la pili mwaka uliofuata likapewa ya mbele. Nexus 7 ya 2012, hivyo hivyo, ya mbele peke yake. Ukiangalia vizuri utaona kitu. Watengenezaji wakibana bei, jicho wanalobakisha ni lile linalomtazama mwenye kifaa. Lile la kutazama dunia ndilo linaloachwa. Kwa mtu wa ofisini anayetaka kupiga simu za video, sawa. Kwa mtoto wa Balambala, ngoja nitarudi hapo.

Hoja ya abti ni nzito na siwezi kuifanyia mzaha. Huku hatuna walimu wa kutosha na sababu kila mtu anaijua. Novemba 2014 basi lilishambuliwa Mandera na watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu wengi waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, hapa hapa kaunti yetu, na baada ya hapo TSC ikawaondoa walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu walioondoka. Hakuna mshahara wa kufia. Lakini waliobaki nyuma ni watoto, na kuna shule ambako anayefundisha ni kijana aliyemaliza Kidato cha Nne juzi. Abti kwa siku moja hushika madarasa matatu, anaacha moja likinakili ubaoni huku akikimbilia jingine.

Kwa hivyo ndoto yake ni hii: mwalimu wa hisabati akae zake Machakos, afundishe Balambala kupitia skrini, na awaone watoto kwa macho yake. "Mwalimu asiyemwona mwanafunzi usoni hajui kama ameeleweka," anasema. "Redio tulikuwa nayo zamani. Redio haikuoni ukisinzia."

Ndoto tamu. Halafu kuna mtandao. Kabla ya uchaguzi wa 2017, IEBC ilisema vituo zaidi ya 11,000 kati ya takriban 41,000 vilikuwa nje ya mtandao wa 3G, na kaunti zetu zilikuwemo. Milingoti imeongezeka tangu wakati huo, ni kweli. Lakini abti akitaka kunitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, hutembea hadi kwenye mti fulani ambao kijiji kizima kinaujua. Sasa weka watoto hamsini chini ya mti huo, kila mmoja akirusha video ya uso wake. Hata mimi hapa mjini nikiwa na bando langu, video ya mtu mmoja hunigandia.

Dadaab walilifikiria hili kabla yetu. Kuanzia miaka ya 2013 na 2014, wakfu wa Vodafone na UNHCR waliweka madarasa kambini yenye vishikwambi, projekta, betri za sola na muunganisho mmoja wa intaneti unaotumiwa na darasa zima. Muunganisho mmoja, darasa zima. Shika hiyo. (Na kuhusu sola: tangu 2019 kaunti hii ina mitambo ya jua ya takriban megawati 50, na sisi hapa uani tunabishana gizani. Haya, tuendelee.)

Mimi hoja yangu ya kutaka kamera ni ndogo na ya kawaida zaidi. Chini ya CBC, dogo huambiwa apande sukumawiki kwenye mkebe, apige picha kila wiki, aichapishe apeleke. Mimi hupiga picha kwa simu yangu, naenda saiba, natoa pesa, narudi. Hiyo ni Garissa mjini. Mtoto aliye Hulugho saiba yake iko wapi? Mama mwenye kabambe ya tochi atapiga picha na nini? Kwa huyo mtoto, kamera ya nyuma kwenye kishikwambi cha shule ni kalamu. Anapiga picha jani lililoliwa na wadudu, anapiga picha mguu wa mbuzi mwenye kidonda amwonyeshe mwalimu wa kilimo, anahifadhi. Haihitaji mtandao siku hiyo. Ikifika Ijumaa mwalimu anavikusanya.

Tena kamera ya nyuma imeshatusaidia nchi hii. 2022, wasimamizi wa vituo walipiga picha Fomu 34A kwa vifaa vya KIEMS na picha zikawekwa wazi kwa umma. Mtu yeyote mwenye bando angeweza kufungua fomu ya kituo chochote, kuanzia Liboi hadi Kisumu, na kujumlisha mwenyewe. Tulijumlisha hadi macho yakauma. Ilikuwa kamera iliyoelekezwa kwenye karatasi ya serikali, na mwananchi ndiye aliyekuwa akitazama.

Habaryar alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hiyo ni kamera yenu nyinyi wenye vitambulisho."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu nilijua anakoelekea.

Kama husomi habari za huku, hili ndilo jambo lenyewe. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991. Miaka ya ukame, familia nyingi za Wakenya waishio karibu na kambi zilijiandikisha kama wakimbizi ili zipate posho ya mahindi na mafuta, matibabu, hata shule. Njaa haina uraia. Watoto nao wakapigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha Kenya, wakaweka kidole kwenye mashine, na mashine ikasema: wewe ni mkimbizi. Si mmoja wala wawili, ni makumi ya maelfu. Bila kitambulisho husajili laini, huna M-Pesa, huna akaunti ya benki, hupiti kizuizi cha barabarani, na kazi usahau.

Mtoto wa habaryar ni mmoja wao. Aliandikishwa akiwa na miaka minne, amebebwa mgongoni. Leo ni mwanamume mwenye ndevu na hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mamake. Februari 2025 Rais Ruto alikuja Wajir akatangaza kuondoa ule ukaguzi wa ziada tuliokuwa tukifanyiwa watu wa kaunti za mpakani. Tulishangilia, mimi pia. Lakini kuondolewa ukaguzi ni jambo moja, na uso wako kukaa kwenye orodha isiyo yako ni jambo lingine.

"Aliyempiga picha mwanangu," akasema habaryar, "alikuwa mtu mzuri. Alimpa peremende."

Nimelala na sentensi hiyo siku kadhaa. Mtu mzuri, nia nzuri, mashine nzuri, na miaka kumi na minne baadaye mlango unafungwa. Maana picha haikai na aliyeipiga.

Dogo akaingilia, "Lakini simu zote zina kamera." Kweli. Yeye mwenyewe anacheza TikTok kwa simu ya mama. Ila kuna tofauti kubwa ambayo ilinichukua muda kuiweka kwa maneno. Simu ya mama ni ya mama. Kishikwambi cha shule kinalala nyumbani kwako, lakini ufunguo wake, namaanisha uwezo wa kukiendesha kutoka mbali, kusasisha programu, kuona kilichomo, uko mikononi mwa mtu usiyemjua. Hilo si jambo la kufikirika. Mwaka 2010 huko Pennsylvania, Marekani, iligunduliwa kwamba wilaya ya shule ya Lower Merion ilikuwa imewapa wanafunzi laptopu ambazo kamera zake ziliweza kuwashwa kutoka mbali, eti kutafuta zilizopotea. Picha zikachukuliwa wanafunzi wakiwa majumbani, vyumbani mwao. Wilaya ikaishia kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Hao ni watoto wa kitongoji cha matajiri, wazazi wao mawakili. Sasa niambie wa Bulla yetu atamshtaki nani, na msichana aliyepigwa picha kichwa wazi ndani ya nyumba yao, picha ikifika kwenye makundi ya WhatsApp, atarudishiwa nini?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, na Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilipigwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Safi sana. Lakini ridhaa huku huja kwa fomu ya Kiingereza, na sahihi ni dole gumba. Habaryar ameshaweka dole gumba mara nyingi maishani.

Msimamo wangu basi, na mimi ni mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo uchukue kwa uzito unaotaka. Kishikwambi cha mwanafunzi kiwe na kamera ya nyuma, na cha mbele kisiwe nayo kabisa. Kinyume cha walivyofanya wale wa Aakash na Nexus. Mtoto apige picha ya mbuzi, jani, ramani, ukurasa wa kitabu ambacho wanne wanagawana. Uso wake hauna kazi humo. Kamera ya kuonana na mwalimu wa mbali iwe moja kwa kila darasa, kwenye kifaa cha mwalimu, kama ule muunganisho mmoja wa Dadaab. Mtandao hauwezi kubeba zaidi ya hapo hata tukitaka. Na hizo zilizopo ziwe na kifuniko cha kusukuma kwa kidole, kitu cha plastiki tu, pamoja na taa ambayo haiwezi kuzimwa na programu. Si anasa hiyo. Laptopu ndogo ya kijani ya XO, iliyotengenezewa watoto wa nchi maskini mwaka 2007, ilikuwa na taa ya aina hiyo kwa kamera yake. Na kama unadhani kifuniko ni ushamba, 2016 Mark Zuckerberg alionekana pichani na laptopu aliyoiziba kamera kwa utepe.

Nilidhani nimemaliza mjadala. Abti akaniuliza, "Na kiziwi?"

Ana mwanafunzi mmoja, msichana, asiyesikia. Shuleni hakuna anayejua lugha ya ishara zaidi ya salamu. Kwake kamera ya mbele ndiyo mdomo. Akipewa kifaa chenye jicho la nyuma pekee, atazungumza na nani, mbuzi?

Sikuwa na jibu. Bado sina. Naweza kusema apewe kifaa tofauti, lakini abti anajua na mimi najua kifaa tofauti huku hufika lini.

Stima ikarudi saa nne na robo. Dogo akauliza kama basi ngamia wa jirani ataruhusiwa kupigwa picha.

"Ngamia mpige," akasema habaryar, akivuta shela yake usoni. "Ila mwulize mwenyewe kwanza."