Tairi la "Misimu Yote" na Matope Yetu

Mvua za masika zikianza, mkulima wa skimu huitazama mbingu mara moja na barabara mara mbili. Maziwa hayangoji. Yakikamuliwa alfajiri, na gari likazama kwenye matope mpaka saa nne, huenda yakakataliwa kwenye kituo cha kupoozea, na mapato ya siku hiyo yamekwisha. Viazi huweza kungoja kidogo, lakini mnunuzi aliyeleta lori mpaka barabara kubwa hangoji. Atajaza magunia ya jirani na kwenda zake.

Wakulima wengi sasa wana pikapu, wengine kwa fedha zao na wengine kwa chama cha ushirika. Wakienda mjini kununua matairi huambiwa, "Chukua hili, ni la misimu yote." Maneno hayo ni matamu masikioni. Lakini yafaa mkulima aulize kwanza: misimu ya nchi gani?

Tairi la namna hii lilitokea Marekani. Kampuni ya Goodyear ililiuza la kwanza mwaka 1977, likiitwa Tiempo. Huko msimu mbaya ni ule wa baridi, wakati theluji inapofunika barabara, na kabla ya hapo wenye magari walikuwa wakibadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Sababu ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa baridi ikishuka chini ya digrii 7 hivi za sentigredi, ukawa kama ngozi iliyoanikwa juani, na tairi gumu haliishiki barabara. Mpira wa tairi la theluji ni laini, na hubaki laini hata maji yakiganda. Lakini kwenye lami yenye joto huisha upesi. Tairi la misimu yote limewekwa katikati ya hayo mawili. Halishindi la kiangazi wakati wa joto, wala halishindi la theluji kwenye theluji, ila humwondolea mtu taabu ya kubadilisha.

Basi jina hilo linasema habari za theluji. Masika ya Kinangop au Mwea halikuyafikiria hata kidogo.

Ubavuni mwa tairi utaona pengine herufi M+S. Kwa Kiingereza herufi hizo husimama badala ya matope na theluji, na wauzaji wengine hukuonyesha kwa kidole kama kwamba ni hati ya Serikali. Si hivyo. Mwenye kiwanda huziandika kwa kufuata umbo la meno ya tairi tu, bila kulijaribu kwanza matopeni wala thelujini. Alama iliyojaribiwa ni ile ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, iliyoanza mwaka 1999, nayo hujaribiwa kwenye theluji peke yake. Ujerumani iliamua kwamba tairi lililotengenezwa kuanzia mwaka 2018 likiwa na M+S bila mlima huo halihesabiwi tena kuwa la baridi. Ikiwa wao wamezikataa herufi hizo kwa theluji, sisi hatuna sababu ya kuziamini kwa matope.

Hata hivyo tairi hili si baya. Kwenye lami iliyolowa hufanya kazi nzuri, kwa kuwa lina mifereji mingi na mikato myembamba inayosukuma maji kando ili mpira uguse barabara. Mifereji ikiisha, maji hukosa pa kupita. Gari likienda mbio hupanda juu ya maji kama mtumbwi, na hapo usukani na breki havisaidii. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya milimeta 8 hivi. Ndani yake mna vinundu vidogo vya milimeta 1.6, mpira ukilingana navyo, tairi limekwisha. Mimi ningelitoa mapema zaidi, kwenye milimeta 3, maana wakati wa mvua tofauti ni kubwa. Mwenye kukosa kipimo aingize njiti ya kiberiti ndani ya mfereji, aitie alama kwa ukucha, kisha aipime kwa rula ya mtoto wa shule.

Kwenye matope mambo hugeuka. Udongo mweusi mzito, kama ule wa Mwea, hunyonya maji ukavimba na kushika kila kitu kama gundi. Barabara nyingi za ndani ya skimu, zikiwamo zile za Skimu ya Ekari Milioni iliyoanza mwaka 1962, ni za udongo mtupu au changarawe kidogo juu yake. Mifereji ya tairi la misimu yote ni myembamba na iko karibu karibu. Gari huenda hatua chache tu, udongo umeijaza, na tairi limekuwa laini kama chungu. Linazunguka hapo hapo, na dereva asiyejua huzidisha mafuta, akajichimbia kaburi la ekseli.

Tairi la matope hasa lina meno makubwa yenye nafasi pana, na likizunguka hutupa udongo nje. Lakini nalo lina gharama yake: lina kelele, huisha haraka kwenye lami, na likilowa hapo huchelewa kusimama. Mtu anayetelemka kila siku kutoka Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, mpaka Naivasha, hapendi breki zenye kuchelewa. Kwa mkulima ambaye nusu ya safari yake ni udongo na nusu ni lami, ningeshauri tairi la kati, lile linaloandikwa A/T ubavuni, lenye meno mapana kiasi. Mwenye gari dogo anayeishi kando ya barabara ya changarawe nzuri, la misimu yote litamtosha.

Ukikwama, punguza upepo kidogo, kwa mfano kutoka pauni 35 hadi 25, ili tairi litandaze mguu wake. Weka matawi au mawe mbele ya magurudumu, uende polepole. Lakini usiingie barabara ya lami kabla ya kuurudisha upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, hupata moto ndani, na siku ya jua kali na mzigo hupasuka. Beba pampu yako. Usitegemee ya jirani. Minyororo ya magurudumu pia husaidia matopeni, nayo hutolewa gari likifika mahali pagumu.

Baridi nayo ina ujanja wake. Halijoto ikishuka kwa digrii 10, upepo hupungua kwa pauni 1 na nusu hadi 2. Usiku wa sakitu, ile inayochoma majani ya viazi, gari lililojazwa upepo jana mchana mjini litaamka na upepo mchache, ingawa hakuna pancha.

Magari yaliyotumika yanayotoka Japani yatazamwe vizuri. Mengine huja yamevaa matairi ya theluji, na ubavuni pameandikwa STUDLESS. Mnunuzi huyaona meno yamejaa akafurahi, kumbe mpira ni laini mno kwa lami yetu ya mchana. Tazama pia umri: tarakimu 4 za mwisho katika alama ya DOT ni juma na mwaka. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la miaka 10 lifae mkokoteni wa punda, au akala.

Mwisho ni uzito, ambao wengi husahau kwa sababu ya kuangalia meno. Kila tairi lina namba ya mzigo. Namba 91 ni kilo 615, namba 104 ni kilo 900, namba 112 ni kilo 1,120. Tuseme umepakia magunia 20 ya viazi, ya kilo 50 kila moja, na uzito karibu wote umekaa nyuma, pamoja na kilo 700 za gari lenyewe. Hizo ni kilo 1,700 juu ya matairi mawili, yaani 850 kila moja. Tairi la namba 91 likikubali kuingia katika rimu yako halikubali mzigo huo, hata likiwa jipya na limeandikwa misimu mia. Soma namba kabla ya kulipa, na upime upepo asubuhi gari likiwa halijatembea, pamoja na tairi la akiba lililo chini ya magunia.