Tamasha Lililookolewa na Marafiki

Je, msomaji, wewe hulipa kiingilio kwenda kumsikiliza mwanamuziki usiyemjua? Wengi wetu hatuthubutu. Woga huo nusura uliue tamasha la WOMAD likiwa changa.

Ilikuwa Julai 1982, karibu na mji wa Shepton Mallet, Uingereza. Mwimbaji Peter Gabriel na wenzake waliwaalika wapiga ngoma wa Burundi, Prince Nico Mbarga wa Nigeria na The Chieftains wa Ireland watumbuize pamoja na bendi za roki. Ngoma zilirindima kwelikweli, lakini watazamaji hawakutosha na waandalizi wakabaki na madeni makubwa.

Gabriel alikuwa ameiacha bendi ya Genesis mwaka wa 1975. Hata hivyo, wenzake hao wa zamani walipanda naye jukwaani Oktoba 1982 ili kusaidia kulipa deni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki!

Tamasha likaendelea. Mwaka wa 1989, Real World, kampuni ya rekodi iliyoanzishwa na Gabriel, ilitoa albamu ya Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyevuma Dar es Salaam.

Basi, ukiona bango lenye jina geni, usilipite. Huenda kiingilio chako ndicho kinachosubiriwa.