Wacham wa Phan Rang na Vitabu Vyao

Wazee wetu waliijua Vietnam kwa redio, nayo ilikuwa habari ya mabomu tu mpaka vita vilipokwisha mwaka wa 1975. Sisi tuliokuja baadaye tukaijua kwa sinema za Wamarekani, ambazo ndani yake Mvietnam aghalabu hana hata jina. Mimi nimeijua kwa dirisha la basi, na shanta mgongoni, nikiteremka pwani kutoka Hoi An kuelekea kusini. Ninayoyaleta ukurasani leo si ya vita wala ya hoteli. Ni habari ya watu waitwao Wacham, na vitabu vyao.

Kwanza basi lenyewe, maana msafiri asiposema alivyosafiri haaminiwi. Basi la usiku la huko halina viti. Lina vitanda, safu tatu, vya chini na vya juu, na abiria akipanda huvua viatu mlangoni akavitia katika mfuko wa plastiki. Adabu hiyo niliipenda, mtu kuingia garini kama aingiaye msikitini. Lakini vitanda vimepimwa kwa kimo cha wenyeji, nami niliyerithi miguu ya babu yangu nililala nimejikunja kama kamba aliyechemshwa.

Hoi An nitaipita upesi, maana wageni wameshaisema sana. Mtu wa Lamu akishushwa huko usiku atadhani yuko kwao mpaka asikie watu wakizungumza. Ni mji wa bandari ya kale, na katika karne ya 16 na ya 17 Wajapani na Wachina walikuwa na mitaa yao humo. Kisha mto ukajaa mchanga, na biashara ikahamia Da Nang. Mji uliokosa marikebu ukakosa pia fedha za kubomolea nyumba kuukuu, ndipo nyumba zikabaki. UNESCO iliuandika katika orodha yake mwaka wa 1999, miaka miwili kabla ya Lamu. Sasa karibu kila mlango ni duka la taa za hariri au fundi wa nguo, na anayetaka kuuona mji bila umati na aamke alfajiri.

Kutoka hapo hadi Nha Trang ni zaidi ya kilomita 500, na kulipopambazuka nilikuwa nimeegemea kioo nikitazama mashamba ya mpunga. Makaburi yao yamo humo humo shambani, yamejengewa na kupakwa rangi, na mpunga umeyazunguka, na nyati wa kufugwa wanalala kwenye tope kando yake. Nha Trang yenyewe ni ukuta wa mahoteli marefu uliosimama baina ya mji na bahari. Sisi wa Pwani hatuhitaji kufasiriwa ukuta wa namna hiyo. Lakini juu ya kilima, mtoni, iko minara ya matofali mekundu iitwayo Po Nagar, ambayo mingine ina zaidi ya miaka elfu moja, na hiyo haikujengwa na Wavietnam. Ilijengwa na Wacham.

Hawa walikuwa watu wa bahari. Lugha yao ni ndugu ya Kimalay, na kwa hivyo ni ndugu wa mbali wa Kimalagasi, lugha ya kisiwa cha bahari yetu hii. Dola yao, Champa, iliishika pwani ile kwa karne nyingi, na marikebu za China na za Waarabu zikitua kwao. Mwaka wa 1471 Wavietnam waliuteka mji wao mkuu wa Vijaya, na mwaka wa 1832 mfalme Minh Mang alikimeza kipande cha mwisho. Hesabu ya watu ya 2019 iliwakuta Wacham karibu 180,000 nchini humo. Wengi wa wale wa pwani ni wakulima na wafugaji sasa, nao wanaokwenda kuvua aghalabu ni Wavietnam.

Basi jingine, la viti hili, lilinifikisha Phan Rang, umbali wa kilomita mia na kidogo. Hapo ndipo penye ukame kuliko popote Vietnam. Nilipoona mbuzi na kondoo wakivuka barabara, na miiba, na jua lisilo na haya, nilijisikia nyumbani. Mkoa huo uliitwa Ninh Thuan hadi Julai 2025, ulipounganishwa na Khanh Hoa.

Kijana mmoja wa Kicham, aliyewahi kufanya kazi Malaysia na kujifunza Kiingereza huko, alinichukua kijijini kwao kwa pikipiki. Aliniambia, "Mzee, tunakwenda nyumbani kwa mama." Hakusema kwa baba, maana kwa Wacham nyumba ni ya mwanamke na bwana harusi ndiye ahamiaye kwa mkewe. Nikamwambia kuwa Lamu na Ngazija jambo hilo halimshangazi mtu.

Baadhi ya Wacham wa huko hufuata dini ya Kihindu na kuhudhuria minara yao. Baadhi huitwa Bani, nao ndio niliowafuata. Bani wanamtaja Allah na Mtume, lakini swala tano na saumu wamewaachia mashekhe wao, waitwao acar. Ukifika mwezi wa Ramuwan, ambao ni Ramadhani kwa matamshi yao, acar huhamia msikitini wakafunga kwa niaba ya jamaa zao. Kabla yake watu wote huenda makaburini, kwenye safu za mawe, moja la kichwani na moja la miguuni. Miezi mingine msikiti mara nyingi umefungwa.

Mfanyabiashara wa Kimalaysia aliyelala kitanda jirani nami basini alikuwa ameshaniambia kuwa hao si Waislamu, wala nisipoteze nauli yangu. Sheria yake naijua. Nilikaa chuoni miaka saba, na najua saumu ya mtu haifungwi na mwingine. Lakini watu waliokatwa na bahari, wakakaa karne na karne bila meli ya kuwaletea mwalimu wala kitabu, na bado wakalishika jina la mwezi na siku ya Ijumaa, hao siwezi kuwafuta kwa neno moja la basini.

Babu wa yule kijana ni acar. Alitoka na kanzu nyeupe na kilemba cheupe chenye vishada vyekundu, akafungua kitambaa, akatoa msahafu ulioandikwa kwa mkono. Vitabu vyao ndivyo vilivyo. Acar hujifunza kwa kunakili cha mwalimu wake. Akasoma. Mwanzo sikushika kitu, maana ‘ain ilikuwa imeyeyuka na maneno yamevaa sauti ya Kicham. Kisha nikatambua mwendo wake, na ilikuwa Alhamdu. Mwalimu wangu wa chuoni angeinua henzarani kabla ya aya ya pili. Mimi niliinama tu nikasikiliza mpaka mwisho.

Akaniomba nami nisome, nikasoma. Mzee akasema neno, na mjukuu akanifasiria: "Anasema unasoma kama mtu mwenye basi la kuwahi."

Nikamuuliza kijana kama yeye ataisoma. Akacheka. Anauza simu Saigon na hurudi kila Ramuwan. Anasoma Kivietnam kwa herufi za Kizungu, lakini herufi za Kicham hazijui, na za Kiarabu zaidi. Babu yake ana wanafunzi wawili. Miswada mingi iko majumbani, ndani ya vikapu, inaliwa na unyevu na wadudu, ijapokuwa katika miaka ya 2010 British Library ilifadhili kazi ya kuipiga picha baadhi yake.

Sikuwa na ushauri wa kumpa, maana kwetu ni vile vile. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Nakala ya Utenzi wa Tambuka ya mwaka wa 1728 ni kwa herufi hizo. Leo wapwa zangu huzishika barua za marehemu babu yao wakazitazama kama picha.

Kabla sijaondoka, mzee alileta daftari la shule na kalamu akataka niandike jina langu na la mji wangu. Nikaandika. Alipofika kwenye mji alifuata herufi kwa kidole, mim, mim, ba, akaitamka Mombasa pasi na msaada, na mjukuu wake akainama begani kwake akiuliza, pameandikwa nini?