Ubongo, Mtunzaji wa Mwili

Watu wengi hudhani ya kuwa ubongo ni chombo cha kufikiri na kukumbuka tu. Napenda kuwaonyesha wasomaji wa gazeti letu kwamba unayo kazi nyingine kubwa, nayo ni kuutunza mwili usiku na mchana.

Mtazame mtu apaliliaye mpunga katika majaruba ya Bahi wakati wa jua kali. Joto la mwili wake hubaki karibu na digrii 37, maana ubongo huamuru jasho litoke na kiu imshike. Akiisha kula ugali na mlenda, ubongo humpa habari kuwa ameshiba. Msimamizi wa mambo haya ni haipothalamasi, sehemu ndogo kama lozi iliyo chini ya ubongo. Lakini haifanyi kazi peke yake. Sehemu ya mbele ya ubongo hutuzuia tusinyang'anye chakula cha mwenzetu wala kutamka maneno ya aibu.

Mwaka 1892 daktari Arnold Pick wa Prague alieleza habari za mgonjwa ambaye ubongo wake ulisinyaa mahali pamoja. Siku hizi maradhi ya jamii hiyo huitwa dimenshia ya mbele na pembeni mwa ubongo. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65. Mwanzoni mgonjwa huweza kukumbuka mambo vizuri, ila tabia hugeuka: haya na huruma humtoka, hula pasipo kushiba, na hupenda mno vitu vitamu. Wataalamu waliopiga picha za ubongo wameona kwamba hata haipothalamasi huweza kusinyaa.

Hapa ndipo penye hatari. Majirani husema baba huyu ni mlevi, ana kiburi, au amerogwa. Nyumba huvunjika bure. Tena dimenshia si jambo la Ulaya tu. Uchunguzi wa mwaka 2009 na 2010 wilayani Hai ulionyesha kuwa wazee kama 6 katika kila 100, wenye miaka 70 na zaidi, walikuwa na dimenshia ya aina fulani.

Dawa ya kuiponya aina hii niliyoieleza haijapatikana. Hata hivyo twaweza kumpeleka mgonjwa kwa daktari, kwa mfano Hospitali ya Mirembe, Dodoma, kumwekea sukari na fedha mbali, na kumtunzia heshima yake. Tabia ya mzazi ikigeuka ghafula ukubwani, tusitangulie kumhukumu, kwanza apimwe.