Usonji na mapenzi mapya: moyo unapenda, neno linachelewa

PIANA-MWANGA, Tanganyika – Binti anatuma ujumbe wa sauti usiku, anamuuliza mchumba wake kama ana furaha naye. Kijana anausikiliza mara nne na hajibu. Asubuhi bado hajajibu. Kesho yake jioni anaandika mistari kumi na miwili, yote ya kweli, lakini binti ameshalia, ameshamwambia dada yake, na dada ameshatoa hukumu: huyo hakupendi, ana mwingine.

Mambo kama haya yanaweza kuwapata wachumba wowote, na pengine dada anasema kweli. Lakini kuna watu ambao kuchelewa kwao kuna sababu nyingine kabisa. Ni watu wazima wenye usonji, hali ambayo wengi Congo wameisikia kwa jina la Kifaransa, otizimu. Katika mapenzi mapya, mara nyingi hawashindwi kupenda. Wanashindwa kujua haraka ni hisia gani imewashika, kuipa jina, na kuisema kabla mwenzao hajakata tamaa.

Piana-Mwanga inajulikana zaidi kwa kituo cha umeme kilichojengwa kwenye mto Luvua wakati wa Wabelgiji, kwa ajili ya machimbo ya bati ya Manono. Huku, kama kwingine jimboni Tanganyika, uchumba si jambo la watu wawili tu. Kuna shangazi, wajomba, majirani, wazee wa kanisa. Kimya cha mtu mmoja kinajadiliwa na uwanja mzima, na kila mtu ana maelezo yake: kiburi, umasikini, mwanamke mwingine, uchawi. Usonji unatajwa mara chache sana, kwa sababu anayeujua anadhani ni jambo la watoto.

Kweli ulianza kuelezwa kwa watoto. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa na tabia zinazofanana. Wa kwanza katika orodha yake, Donald Triplett, alikua, akafanya kazi benki katika mji wake mdogo, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Watoto wale walikuwa watu wazima, kama watoto wote. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wengi wao hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote. Wanavua, wanalima, wanafundisha, wanatengeneza redio na simu. Na wanapenda.

Usonji si wazimu, na haupatikani kwa laana. Ni namna ambavyo ubongo umejengwa tangu utotoni: jinsi unavyopokea sauti, mwanga, kuguswa, na jinsi unavyosoma watu wengine. Kila mwenye usonji ana wake. Mmoja hasemi kabisa, mwingine anasema sana juu ya jambo moja analolipenda mpaka wageni wanasinzia.

Kuna neno moja linalosaidia kuelewa yule kijana wa ujumbe wa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Peter Sifneos, Mgiriki aliyefanya kazi Boston, aliunda jina aleksithimia kutoka maneno ya Kigiriki, maana yake kukosa maneno ya hisia. Mtu mwenye hali hiyo anahisi, pengine anahisi sana, lakini kinachomfikia ni mwili: tumbo limekaza, mikono imekuwa baridi, usingizi umepotea. Je, ni woga? Hasira? Mapenzi? Malaria? Anahitaji muda kujua. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye usonji wana aleksithimia, wakati kwa watu wengine ni kama 5 tu kwa 100. Kwa hiyo nusu nyingine wanazijua hisia zao vizuri, na hakuna haja ya kumchukulia kila mwenye usonji kama mtu asiyejijua.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umweke katika uchumba wa kwetu, ambao maneno yake mengi hayasemwi moja kwa moja. Mchumba anasema "usijisumbue kuniletea kitu", na kweli yeye hajisumbui. Anafika mikono mitupu na anashangaa kuona uso umebadilika. Anaambiwa "sina neno" na anaenda zake kwa amani, wakati neno lipo tena kubwa. Anaambiwa "tutaonana" na anakaa akingoja siku na saa. Aliyekua akisoma mafumbo haya bila kufikiri haoni ugumu uko wapi. Kwa mwingine, kila jioni ya mazungumzo ni kama mtihani ambao maswali yake yameandikwa kwa wino usioonekana, na anarudi nyumbani amechoka kuliko aliyeshinda shambani.

Karatasi za Ulaya zinazoeleza dalili za usonji hazisaidii sana hapa. Nyingi zinaanza na macho: mtu hamtazami mwenzake usoni. Lakini mbele ya baba mkwe au mama mkwe, kijana anayeinamisha macho anasifiwa kwa adabu. Huku usonji unaonekana mahali pengine. Unaonekana kwenye salamu ndefu za kuuliza habari za nyumba, za watoto, za safari, za shamba, ambazo mtu anazikata katikati. Unaonekana kwenye kula bugali kutoka sahani moja na watu sita, mikono ikigusana. Kwenye spika za kanisa au za arusi. Kwenye mgeni anayefika bila taarifa na kukaa mpaka usiku. Kijana anainuka ghafla, anatoka nje, anasimama peke yake nyuma ya nyumba. Anajaribu tu kupumua, lakini ndani ya nyumba wanahesabu matusi.

Na ni lazima kusema kwamba makosa ya kusomana yako pande zote mbili. Damian Milton, mwanasosholojia Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika hivyo mwaka 2012: mwenye usonji anashindwa kumsoma asiye nao, na asiye nao anashindwa vilevile kumsoma mwenye usonji, ila ni mmoja tu anayeitwa mgonjwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walijaribu jambo hilo kwa watu 72, wakapitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu katika minyororo ya watu wanane. Wenye usonji peke yao waliifikisha hadithi vizuri sawa na wasio nao. Iliharibika zaidi pale walipochanganywa. Jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2025 halikuona tena tofauti hiyo kwa waliochanganywa, lakini lilithibitisha jambo la kwanza: wenye usonji wanafikisha ujumbe sawa na watu wengine. Ni habari nzuri kwa wachumba, kwani wale wawili wanaweza kujifunza lugha yao.

Mpaka hapa mfano umekuwa wa kijana. Kwa binti hatari ni kubwa zaidi, na inazungumzwa kidogo zaidi. Wasichana wenye usonji hawatambuliwi kwa urahisi, hata katika nchi zenye madaktari wengi, kwa sababu wengi wao wanajifunza mapema kuiga wenzao: kucheka wanapocheka wengine, kusema maneno waliyoyasikia kwa wengine. Na msichana mkimya huku anasifiwa. Mama anamwita mtulivu, wachumba wanamwita mwenye heshima. Siku akiulizwa mbele ya familia mbili kama anamtaka mwanaume huyu, ananyamaza, na watu wanapiga vigelegele, maana kunyamaza kumehesabiwa kuwa kukubali. Inawezekana alikuwa bado anatafuta jibu. Inawezekana jibu lilikuwa hapana, na lilifika wiki mbili baadaye, mali ikiwa imeshapokelewa na mbuzi wameshafungwa uani.

Sheria ya Congo haikubali hesabu hiyo. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka kila mmoja wa wachumba aikubali ndoa yeye mwenyewe. Katiba, katika kifungu cha 40, inampa kila mtu haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia nyingine aliyemchagua. Congo ilijiunga mwaka 2015 na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 23 kinalinda haki yao ya ndoa na familia, kwa hiari yao kamili. Na tarehe 3 Mei 2022 nchi ilipata sheria yake yenyewe ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza yule binti siku mbili kabla ya sherehe, akiwa peke yake, kwa maneno wazi, na kumwachia usiku mzima wa kufikiri, au kumpa kalamu aandike.

Jambo la kushangaza ni kwamba desturi yenyewe, ambayo wengi wangedhani itamwelemea mwenye usonji, ina sehemu zinazomsaidia. Mazungumzo ya mali yana utaratibu. Kuna msemaji wa kila upande, kuna zamu, kuna orodha iliyoandikwa: kiasi gani cha pesa, vitenge vingapi, mbuzi wangapi, koti la baba. Bwana arusi hatakiwi kusema mengi, na kila mtu anajua kinachofuata. Kwa mtu anayeogopa mambo ya ghafla, siku ya mali inaweza kuwa nyepesi kuliko jioni moja ya kukaa na mchumba chini ya mwembe bila kujua aseme nini.

Basi wapo wachumba ambao wanaweza kuazima utaratibu huo kwa mambo yao ya siri. Wanakubaliana kwamba swali kubwa halidai jibu siku ileile. Asiye na jibu anatuma neno moja tu, "nimesikia", na mwenzake anajua kwamba kimya kinachofuata ni cha kufikiri. Hilo linagharimu mega chache na linaokoa machozi mengi. Wanakubaliana saa ya kufika na saa ya kuondoka. Anayetoka nje katikati ya sherehe anashika bega la mwenzake kwanza, au, kama hapendi kugusa, anaweka kofia juu ya kiti, ishara kwamba atarudi. Anayeshindwa kusema "nina wivu" anasema kinachotokea mwilini, na wanatafuta jina pamoja. Naye asiye na usonji anaacha mafumbo: akitaka zawadi anasema anataka zawadi. Kwa wengine hili ndilo gumu kuliko yote, kwani wanaona mapenzi ya kuombwa hayana ladha.

Kuishi pamoja nako kunaweza kupangwa. Chris Packham, Mwingereza anayejulikana kwa vipindi vya wanyama katika televisheni, alieleza usonji wake katika filamu ya BBC mwaka 2017. Yeye na mwenzi wake walikuwa na miaka mingi pamoja, kila mmoja akiishi katika nyumba yake. Wakwe wa Tanganyika wangeshtuka. Lakini ni jimbo hilihili ambalo wavuvi wa ziwa wanalala majini na wachimbaji wa Manono wanakaa machimboni majuma mengi, na ndoa zao hazihesabiwi kuwa zimevunjika.

Usonji hauelezi kila kitu. Mwanaume anayepiga, anayemfungia mchumba simu, anayesema uongo, hana ruhusa yoyote kutokana na namna ubongo wake ulivyojengwa. Na si kila mkimya ana usonji. Wapo ambao kweli hawapendi, na hao nao wanajibu ujumbe kwa kuchelewa. Tofauti inaonekana kwa muda: mwenye usonji anayependa anakumbuka tarehe, anakumbuka kwamba mchumba hali samaki fulani, anatengeneza redio ya mama mkwe bila kuombwa, anarudi na jibu hata kama siku tatu zimepita.

Anayetaka kujua kwa uhakika ana safari. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Docteur Joseph Guislain, cha Frères de la Charité, na kutoka Tanganyika ni mbali na ni gharama. Wengi wanaanza na chumba cha maombi. Maombi hayamdhuru mtu. Kufungwa, kunyimwa chakula na kupigwa ili pepo atoke, kunamdhuru, na mtu mzima aliyepitia hayo utotoni anaingia katika mapenzi akiwa amejifunza kuficha kila kitu.

Linabaki swali ambalo wakwe huuliza kwanza: watoto watakuwaje? Usonji unatembea katika ukoo kwa sehemu kubwa, kupitia vinasaba vingi na si kimoja, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa nao au asiwe nao, na hakuna kipimo cha damu cha kulijibu siku ya mali. Zamani madaktari wengine wa Ulaya na Marekani walimlaumu mama asiye na upendo. Maelezo hayo yaliachwa kwa kukosa ushahidi. Swali la wakwe ni la haki, na wachumba wenyewe wanafaa kulizungumza mapema, mali ikiwa bado haijahesabiwa, na wote wawili wakiwepo.