Picha ya machweo imewaficha wavuvi

Wiki mbili zilizopita mwana wa dada yangu alinijia nyumbani amebeba kwapani picha kubwa iliyozungushiwa magazeti. Kijana huyu ni mpiga picha. Hakuingia katika kazi hii kwa anasa. Aliishika baada ya kuhitimu chuoni na kuzunguka na vyeti vyake mwaka mzima bila kuajiriwa. Aghalabu hupiga picha za arusi na za mahafali, na akipata nauli husafiri kutafuta mandhari ya nchi. Aliifungua picha ile, akaiegemeza kwenye kabati la vitabu, akarudi nyuma hatua mbili na kuniambia, "Mjomba, itazame, kisha unieleze ukweli. Usinionee haya."

Alikuwa na sababu ya kuutaka ukweli. Hoteli moja ya kitalii ilikuwa imeiona picha hiyo na kutaka kuinunua, pamoja na nyingine kumi na moja za jua jekundu kama hilo, ili izitundike vyumbani mwa wageni. Fedha alizoahidiwa zingemlipia kodi ya nyumba kwa miezi minane. Walakini kulikuwa na jambo lililomkera katika picha ile, naye hakuweza kulitaja ni nini.

Nimemwomba idhini niyaandike hapa niliyomwambia, kwa kuwa kasoro niliyoiona si yake peke yake. Picha za namna hiyo zimetuzunguka. Zimo katika kadi za posta, zimo katika matangazo ya safari, na zimo katika majalada ya riwaya zinazochapishwa ng'ambo kuhusu bara letu, ambako mgunga mmoja na jua linalotua hudhaniwa kuwatosha watu wote tangu Senegal hadi Zimbabwe.

Picha yenyewe ilipigwa kwenye ufuo wa magharibi wa kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria. Jua limebakiza upana wa kidole kuyagusa maji. Upande wa kushoto unaonekana mgongo wa kisiwa cha Mfangano. Ziwa lote ni dhahabu, na katikati ya dhahabu hiyo inapita mashua yenye watu wanne, mmoja wao akiwa amesimama. Watu na mashua yao ni weusi tititi, kana kwamba wamekatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi ya kaboni. Chini ya picha ameandika kwa herufi za madaha: "Machweo ya Afrika".

Mgala muuwe na haki yake umpe. Picha ile ina sifa zake. Mstari wa maji na mbingu umenyooka barabara, jambo ambalo wengi hulishindwa. Jua hakulibandika katikati kama sarafu. Amelisogeza kulia, na ule ujia wa mwanga unaotoka kwenye jua hadi ufuoni unalivuta jicho moja kwa moja kwenye mashua. Nilimwuliza kama mashua ilitukia tu kupita pale. Akanijibu kwamba alingoja karibu saa nzima, akiziacha mashua nyingine zipite, hadi hii ilipoukata ujia ule. Hiyo ni subira ya fundi, na subira haifundishwi kwa urahisi.

Kasoro ya kwanza ni ndogo. Rangi imeongezwa. Jua likiwa chini, nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanyika njiani na nyekundu ndiyo ibakiayo. Maadamu wekundu huo upo kwa maumbile yake, sioni haja ya kuuongezea mwingine kwa programu ya tarakilishi. Wekundu wa picha ile haukuwa wa ziwa lolote nililowahi kuliona. Ulikuwa wa soda.

Kasoro ya pili ni kubwa, na hapa nilimwomba asogee karibu. Nilimwonyesha vitu viwili vyeusi vilivyokaa sehemu ya mbele ya mashua, nikamwuliza ni nini. Akavitazama, akasema labda ni madebe. Nikamwambia ni taa.

Katika ujana wangu nilifundisha miaka miwili kwenye shule moja karibu na Mbita, mkabala na kisiwa hicho, na jioni nyingi nilikaa ufuoni kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Watu wanaong'oa mashua jua linapokuchwa hawatembezwi na uzuri wa machweo. Wanakwenda kuvua omena, samaki wadogo ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa na Waganda huwaita mukene. Omena huvuliwa usiku, na hasa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo. Wavuvi huziwasha taa na kuziweka majini juu ya vyelezo. Wadudu huzifuata taa, omena nao huufuata mwanga, kisha wavu wenye matundu madogo huzungushwa na kuvutwa. Zamani zile taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zikivuma kama nyuki. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mvuvi hukesha, hurejea alfajiri, na mzigo wake hupokewa na akina mama ambao huuanika juani na kuupeleka sokoni.

Basi katika picha ya mpwa wangu taa zimo, ila hazijawashwa, tena zimetiwa weusi hadi mwenye kamera mwenyewe akazidhania kuwa madebe. Watu wanne wamo, lakini hawana nyuso. Wanaondoka kwenda kazini, na picha inamwambia mgeni wa hoteli kwamba siku imekwisha na kila mtu anapumzika.

Nilimwuliza yule aliyesimama anaitwa nani. Hakujua. Alikuwa ameketi ufuoni saa nzima, mashua zikipakiwa nyavu mbele yake, na hakumwuliza mtu jina.

Weusi ule una sababu yake ya kiufundi. Ukiielekeza kamera kwenye jua, inalazimika kuchagua: ama iitunze nuru ya mbinguni na kuiacha ardhi ikizama gizani, ama iitunze ardhi na mbingu ziwe nyeupe kama chokaa. Kijana alichagua mbingu. Lakini hakulazimika kupiga dakika ile. Lugha yetu, kwa bahati njema, imeligawa jambo hili vizuri kuliko kamera. Jua likisha kuchwa, wazee wa Pwani hawasemi kwamba usiku umeingia. Hubaki nuru nyekundu iitwayo shafaki, na ni kutoweka kwa shafaki ndiko kunakoingiza wakati wa sala ya isha. Kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka wima wala halina ajizi. Tangu litoweke hadi nuru ianze kuwa hafifu ni dakika ishirini na kitu tu. Katika dakika hizo mwanga huwa laini, hauna kivuli kikali. Uso wa mtu huonekana, rangi ya mbao za mashua huonekana, na mbingu bado zina moto wake. Na ndizo dakika ambazo, huko Rusinga, taa ya kwanza huwashwa. Nilimwuliza alikuwa wapi wakati huo. Akacheka kwa haya. Alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake na kupanda pikipiki kurudi Mbita.

Nikamtolea kitabuni picha nyingine ya jioni. Ilipigwa na Mmarekani Ansel Adams tarehe 1 Novemba 1941, naye aliiita Moonrise, Hernandez, New Mexico. Adams alikuwa akirejea Santa Fe kwa gari baada ya siku isiyompa kitu, ndipo akauona mwezi umepanda juu ya kijiji. Alisimamisha gari, akaitoa kamera yake kubwa ya inchi 8 kwa 10, na kipimamwanga hakukiona. Kwa kuwa aliukumbuka mng'aro wa mwezi kwa tarakimu, alikadiria na kupiga mara moja. Kabla hajapiga ya pili, jua liliondoka kwenye misalaba ya makaburi. Yeye mwenyewe hakuikumbuka vyema tarehe. Aliutaja mwaka huu mara hii na mwaka ule mara nyingine, hadi mwanafalaki Dennis di Cicco alipoikokotoa mwaka 1991 kutokana na mahali mwezi ulipokaa, akaiweka kwenye saa kumi na dakika 49 za jioni.

Kilichonifanya nimwonyeshe picha hiyo ni mahali aliposimama Adams. Jua halimo ndani yake. Liko nyuma ya mpiga picha, linatua, na nuru yake ya mwisho imelala juu ya kanisa dogo, nyumba za udongo na misalaba myeupe. Unaiangalia mbingu pana iliyo nyeusi, kisha jicho linashuka na kutua kwa watu waliozikwa pale.

Mpwa wangu si mjinga. Alisoma habari za Adams chuoni, akaniuma papo hapo. "Lakini Mjomba, huyo naye alichezea picha yake. Kila alipoichapa upya aliizidishia giza mbingu. Mbona yeye humwambii ni soda?"

Anasema kweli. Machapisho ya mwanzo ya picha ile yana mawingu mengi angani. Ya miaka ya baadaye yana mbingu nyeusi kama wino. Ilinibidi nifikiri kabla ya kumjibu, na jibu nililompa ndilo ninaloliamini hadi sasa. Adams alizitia giza mbingu ili misalaba ionekane. Wewe umewatia giza watu ili mbingu zionekane.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kuhusu jina. Nilimwambia "Machweo ya Afrika" ni jina la mtu ambaye hakufika mahali popote. Niliwahi kuonyeshwa kadi ya posta iliyoandikwa kwamba ni machweo ya ufuo wa Mombasa, jua likiwa juu ya bahari wazi. Bahari yetu iko mashariki! Aliyepiga picha ile alidamka alfajiri, na aliyeiuza akaifanya jioni kwa kuwa jioni ina wanunuzi zaidi. Asiyejali mahali hukosea hata upande wa jua. Rusinga ina jina, na machweo yake hayafanani na ya Lamu wala ya Marsabit.

"Na hoteli?" akaniuliza. "Wao wanataka jua jekundu. Wavuvi wenye nyuso hawawataki. Wamesema wageni hawapendi kulala wakitazamwa."

Hapo sikuwa na maneno mengi. Si mimi nitakayemlipia kodi, na ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara kumfundisha asiye nao namna ya kukataa fedha. Nilimwambia awauzie picha zile kumi na moja akitaka, na hii aizuie hadi atakaporudi kisiwani, ajue aliyesimama ni nani, na angoje taa. Hakukubali, hakukataa. Alisema hoteli imempa hadi mwisho wa mwezi kujibu.

Alipokuwa akiizungushia magazeti picha yake, aliniuliza mwezi utaandama lini. Nikaiendea kalenda yangu ukutani, ambayo, naona haya kukiri, ina picha ya mgunga mweusi na jua jekundu, nikahesabu kwa kidole. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Akaiandika tarehe kwenye kiganja chake, akauliza pia kama basi la usiku la kwenda Mbita bado linaondoka saa mbili.