Kujenga Upya Kope Baada ya Kansa

Kidonda kwenye kope ya chini kisichopona kwa majuma, kinachovuja damu kikiguswa, ambacho nywele za kope zimepukutika mahali pake, hakitibiwi kwa matone. Kwa mtu mwenye ualbino anayelima huku Bule, mkoani Ituri nchini Kongo, juu kwenye milima ya Djugu na karibu na ikweta, inabidi kansa ya ngozi ifikiriwe kwanza. Kila mita 1,000 za mwinuko huongeza miale ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10.

Kukata hakutaki pupa. Kingo za kipande kilichotolewa lazima zipimwe kwa hadubini. Pasipo na mtaalamu wa vipimo hivyo karibu, afadhali jicho lipakwe mafuta ya dawa na kufunikwa hadi majibu yaje, kuliko kushona kope nzuri juu ya kansa iliyobaki.

Kope ina matabaka mawili: mbele ngozi na msuli wa kufumba, nyuma tarso, bamba gumu linaloipa umbo, pamoja na utando unaoteleza juu ya jicho. Yote mawili hurudishwa, na walau moja lazima lije na mishipa yake ya damu. Vipande viwili vilivyokatwa mbali vikipandikizwa kimoja juu ya kingine, vyote vinaweza kufa.

Pengo la robo ya kope hushonwa moja kwa moja; kwa mzee mwenye ngozi iliyolegea, hata theluthi. Pengo kubwa la kope ya chini huzibwa kwa mbinu aliyoieleza Wendell Hughes mwaka 1937: tarso na utando wa kope ya juu hushushwa, kisha mbele hupandikizwa ngozi, mara nyingi ya nyuma ya sikio. Ukingo wa kope ya juu huachiwa tarso ya milimita 4 ili usipinde. Jicho hukaa limefumbwa wiki kadhaa, ndipo kipande hicho kinachounganisha kope mbili kikatwe.

Mbinu hii ni nzuri, lakini inamdai mgonjwa arudi. Tangu mauaji ya kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, karibu na Bule, Februari 2022, hakuna mtu wa eneo hili anayeweza kuahidi safari ya wiki sita zijazo. Asiporudi, jicho linabaki limezibwa. Na kama ndilo pekee linaloona, amefanywa kipofu kwa muda wote huo. Kwake ningechagua operesheni moja: kipande cha tarso kutoka jicho la pili, kikifunikwa na ngozi na msuli vilivyozungushwa kutoka shavuni. Kovu litaonekana zaidi. Nalikubali, mradi kope ifumbe usingizini, kwa sababu konea isiyofunikwa hukauka, hufanya kidonda, na uoni hupotea hata kama kansa imekwisha.